Taa ya Mafuta Iliyoendesha Redio

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika vijiji vya Muungano wa Kisovieti ambavyo nguzo za umeme zilikuwa hazijavifikia, ilionekana taa ya mafuta yenye kazi mbili: kuangaza chumba na kuendesha redio. Iliitwa TGK-3. Sehemu yake ya chini haikuwa na ugeni wowote, kwani ilikuwa na tangi la mafuta ya taa, utambi na chemni ya kioo. Ugeni ulikuwa juu, ambako hewa ya moto kutoka kwenye chemni iliingia katika bomba la chuma lililozungukwa na mapezi ya bati. Taa ilining'inizwa, redio ikawekwa mezani, na nyaya chache zikaviunganisha viwili hivyo. Juu ya mwale hapakuwa na kitu chochote kinachozunguka.

Tabia iliyotoa umeme huo ilikuwa imegunduliwa zaidi ya karne moja kabla. Mwaka 1821 Thomas Johann Seebeck, mzaliwa wa Tallinn aliyefanya utafiti wake Berlin, aliunganisha metali mbili tofauti zikawa pete, akapasha moto kiungo kimoja na kuacha cha pili kikiwa baridi. Sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Seebeck mwenyewe alidhani joto limezaa usumaku moja kwa moja. Kumbe joto lilikuwa limeamsha mkondo wa umeme ndani ya pete, nao mkondo ndio uliosukuma sindano.

Maelezo yake si magumu. Ndani ya metali zimo elektroni zinazotembea huru. Zile za upande wa moto huwa na nguvu zaidi, kwa hiyo husambaa kuelekea upande wa baridi na kurundikana huko, mpaka mrundikano wenyewe uanze kuzisukuma nyingine zirudi. Baina ya ncha mbili za waya hutokea volti kidogo. Waya wa aina moja ukipindwa kuwa pete hautoi kitu, maana volti ya mkono mmoja huifuta ya mkono wa pili. Ndiyo sababu hutakiwa vitu viwili vyenye tabia tofauti: kinachobaki baada ya kufutana ndicho huvunwa. La kushika hapa ni kwamba umeme hauzaliwi na joto lenyewe. Huzaliwa na tofauti ya joto. Kifaa kilichotumbukizwa chote ndani ya tanuri, kikawa cha moto sawasawa pande zote, hakitoi chochote.

Metali za kawaida hutoa kidogo mno. Jozi ya shaba na konstantani, ambayo ni aloi ya shaba na nikeli, hutoa kiasi cha milivolti 0.04 kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Hizo zinatosha kupima joto, na mpaka leo viwanda hupima joto la tanuri kwa njia hiyo. Kwa kuendesha mashine hazifai, na kuongeza idadi ya jozi hakuponyi tatizo. Metali inayopitisha umeme vizuri hupitisha na joto vizuri, kwa hiyo upande wa baridi hupata moto upesi na tofauti iliyokusudiwa huyeyuka. Metali ikichaguliwa kwa kuwa hupitisha joto vibaya, umeme nao hukwama ndani yake. Kwa karne nzima watafiti walizunguka katika mtego huo.

Aliyeonyesha njia ya kutoka alikuwa Abram Ioffe, mkuu wa taasisi ya fizikia na ufundi ya Leningrad. Hoja yake ilikuwa kuziacha metali safi na kugeukia semikondakta, yaani vitu vilivyo kati ya metali na vihami, ambavyo idadi ya vibeba umeme ndani yake inaweza kupangwa kwa kuchanganya chembe za kitu kingine. Vibeba vikiwa vichache kuliko vya metali, kila kimoja hubeba nishati zaidi, na volti kwa kila nyuzi hupanda mara kadhaa. Joto nalo hupita kwa shida zaidi. Kipimo kinachotumiwa tangu siku za Ioffe hukusanya sifa tatu pamoja: volti kwa kila nyuzi, wepesi wa kupitisha umeme, na uzito wa kupitisha joto. Kitu kikifanya vizuri katika sifa mbili na kushindwa ya tatu, kimeshindwa.

Katika taa, mkono mmoja wa kila jozi ulikuwa wa zinki na antimoni, na wa pili ulikuwa wa konstantani. Uchaguzi huo unaonyesha busara ya kiufundi. Konstantani si semikondakta, na volti yake ni ndogo, lakini ni waya imara unaopatikana kwa wingi na unaovumilia moto. Zinki na antimoni ndivyo vilivyobeba mzigo. Jozi ya aina hiyo hutoa zaidi ya milivolti 0.2 kwa kila nyuzi, kwa hiyo tofauti ya nyuzi 300 huzaa milivolti 60 na ushei. Redio haiwezi kuendeshwa na kiasi hicho. Jozi nyingi zilipangwa kuzunguka bomba, zikaunganishwa mfululizo ili volti zijumlishwe. Viungo vyote vya moto vilielekea ndani, kwenye hewa inayopanda kutoka kwenye mwale, na vya baridi vilielekea nje, kwenye mapezi.

Mapezi hayo hayakuwa pambo. Mtu anayeitazama taa kwa mara ya kwanza hudhani kazi ngumu ni kupasha moto, ilhali mwale unapasha bila kuombwa. Kazi ngumu ni kupoza. Joto linalopita katika jozi lazima litolewe hewani haraka kama linavyoingia, la sivyo upande wa nje unapanda na volti zinashuka. Hewa tulivu ya chumbani ni mpozaji dhaifu, hivyo wahandisi hawakuwa na budi kuipa eneo kubwa la kugusa. Kwa sababu hiyo sehemu ya kuzalisha umeme ilionekana kubwa kupita kiasi juu ya taa ndogo. Vijiji vilivyolengwa vilikuwa na baridi kali miezi mingi ya mwaka, jambo lililoisaidia taa. Joto lililotoka kwenye mapezi nalo lilikuwa halali ya chumba.

Kundi la Ioffe lilikuwa limelitatua tatizo la kupoza kwa njia nzuri zaidi miaka kumi kabla, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wapiganaji wa msituni walihitaji umeme wa redio za mawasiliano nyuma ya safu za adui, mahali ambapo betri mpya hazipatikani. Walitengenezewa chungu cha kutundika juu ya moto wa kuni. Viungo vya moto vilikuwa chini ya kitako, mbele ya miali, na vya baridi viligusa maji yaliyokuwa ndani. Maji yakichemka hayazidi nyuzi 100, hata kuni ziongezwe vipi. Joto la ziada huondoka na mvuke, kwa hiyo upande wa baridi hujilinda wenyewe mradi maji hayajakauka. Katika historia yote ya ufundi huu ni vigumu kupata ubunifu mwepesi kuushinda huo. Chungu kilitoa wati chache, na maji ya moto yakabaki ya chai.

Taa ilikuwa na tatizo jingine ambalo chungu hakikulitatua. Redio za wakati huo zilitumia valvu, na valvu hutaka umeme wa aina mbili kwa pamoja: volti moja na kidogo kwa waya wa ndani unaopaswa kuwaka, na makumi ya volti kwa bamba linalovuta elektroni. Kwa kawaida mwanakijiji alinunua betri kavu za aina mbili, na zile za volti nyingi zilikuwa ghali. Kuunganisha jozi za joto mpaka zifike volti 90 kungehitaji maelfu ya viungo, na kila kiungo ni mahali pa kuvunjika. Kwa hiyo jozi ziligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipeleka volti chache moja kwa moja kwenye nyaya za valvu. La pili lilitoa takriban volti 2 zilizoingia katika kitetemeshi, yaani ulimi wa chuma unaokata na kuunga mkondo mara nyingi kwa sekunde ili transfoma iweze kuupandisha. Ulimi huo ndio sehemu pekee ya mtambo iliyocheza, na mtu anayejua mitambo ya zama hizo atakisia kwamba haukukosa kuharibika kwanza.

Jumla ya umeme wote ilikuwa wati 3 hivi. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha maana yake. Lita moja ya mafuta ya taa ina nishati ya takriban megajuli 35. Taa ikichoma lita 0.05 kwa saa, inatoa joto la karibu wati 490. Wati 3 kati ya hizo ni asilimia 0.6. Kwa kipimo cha mtambo wa umeme hiyo ni aibu, lakini kipimo hicho hakiihusu taa. Mafuta yalikuwa yanachomwa hata hivyo, kwa ajili ya mwanga. Redio ilikula joto ambalo lingepotelea darini. Lau mtu angewasha taa hiyo mchana kwa ajili ya redio peke yake, angekuwa anatumia umeme ghali kupita kiasi.

Baada ya 1954, ilipoonyeshwa nchini Uingereza kwamba bismathi teluraidi ina sifa nzuri, kitu hicho kikawa msingi wa vifaa vidogo vinavyouzwa sasa madukani. Kibamba cha kawaida kina upande wa milimita 40 na jozi 127 zilizobanwa kati ya vigae viwili vya kauri. Kila jozi hutoa kiasi cha milivolti 0.4 kwa nyuzi. Tofauti ya nyuzi 100 ikipatikana kweli kati ya vigae, volti hufika 5 kabla ya kuunganishwa na mzigo wowote. Hapo ndipo wengi huvunjika moyo, kwa sababu kibamba kina ukinzani wake wa ndani, tuseme omu 2. Umeme mwingi zaidi huvunwa mzigo unapokuwa na ukinzani sawa na huo, na wakati huo nusu ya volti hubaki ndani ya kibamba. Zinazotoka ni volti 2.5 na wati 3 hivi. Ili kuchaji simu, volti hizo hupandishwa na saketi ndogo ya transista, mrithi wa kitetemeshi cha zamani. Zipo saketi za aina hiyo zinazoanza kazi zikipewa milivolti 20 tu.

Vibamba hivyo huuzwa kwa sura mbili zinazofanana, na mkanganyo wake hugharimu. Vingi vimetengenezwa kwa kupoza, yaani huingizwa umeme ili upande mmoja uwe baridi, kwa tabia aliyoieleza Jean Peltier mwaka 1834. Vikigeuzwa vikapewa joto hutoa umeme bila shida, ila lehemu ya vingi kati yavyo huyeyuka karibu na nyuzi 138. Kikiwekwa ubavuni mwa jiko la mkaa, kibamba cha kupozea hufa siku ile ile. Vya kuzalisha umeme hutumia lehemu inayovumilia nyuzi 200 na zaidi. Pande zote mbili huhitaji kubanwa kwa nguvu iliyo sawa na kupakwa grisi ya kupitisha joto, kwa kuwa hata ufa mwembamba wa hewa hunyang'anya nyuzi nyingi kabla hazijakifikia kibamba. Kisha kuna kuchoka: kila moto unapowashwa na kuzimwa, vigae hutanuka na kunywea, na viungo hupata nyufa polepole.

Majiko ya kuni ya kampuni ya BioLite ya New York, ambayo yameuzwa Kenya pia, yamerudia mpango wa taa kwa njia yao. Kibamba huendesha feni ndogo. Feni hupoza upande wa baridi, kisha hewa ile ile huingia motoni na kupunguza moshi, na umeme unaosalia huchaji simu. Palipo na jua na hakuna moto unaowaka kwa kazi nyingine, paneli ya jua hushinda mpango wowote wa namna hii kwa bei na kwa wati.

Kwenye anga za mbali mwanga wa jua ni hafifu mno. Vyombo vya Voyager, vilivyorushwa 1977, vilibeba kila kimoja mitambo mitatu ya joto iliyotoa pamoja kiasi cha wati 470 mwanzoni, kwa joto la plutoni 238 na jozi za silikoni na jemaniamu. Nusu ya plutoni hiyo huisha kila baada ya miaka 87.7, na jozi nazo huchakaa, hivyo umeme hupungua kwa wati 4 hivi kila mwaka.

Mtambo mdogo kuliko yote umo jikoni. Katika majiko mengi ya gesi, kile kijiti cha metali kinachosimama kando ya mwale ni jozi moja tu ya Seebeck. Milivolti zake 20 au 30 hushikilia vali ya gesi ikae wazi. Moto ukizimwa na upepo, kijiti hupoa na vali hujifunga.