Ushuhuda wa Mtu Mmoja: Uhakiki wa Kitabu cha James Watson juu ya DNA

Katika makala haya tunakusudia kukipima kitabu ambacho wengi wa wasomaji wetu wamekwisha kukisikia, hata kama hawajapata kukishika mkononi, nacho ni The Double Helix cha James D. Watson, kilichotolewa mwaka 1968. Kitabu hicho chasimulia jinsi umbo la DNA, yaani ile molekuli ibebayo urithi wa viumbe, lilivyogunduliwa huko Cambridge, Uingereza, mwaka 1953. Wahubiri si wachache waliochota humo mifano ya kupamba mahubiri yao juu ya uumbaji. Sisi nasi tumo miongoni mwao, na jambo hilo ni mojawapo ya sababu za kuishika kalamu. Hatuulizi kama ugunduzi wenyewe ulikuwa wa kweli, maana huo umethibitishwa na kazi ya maabara nyingi kwa miaka zaidi ya sabini. Twauliza kama kitabu hiki ni ushuhuda wa haki juu ya watu walioufanya.

Tuanze na sifa zake, kwa kuwa kinazo. Kitabu chaonyesha, kuliko vitabu vingi vya aina yake, kwamba swali moja laweza kuhitaji elimu tatu kwa pamoja. Watson alikuwa mwanabaiolojia aliyeanza kwa kupenda ndege; Francis Crick alikuwa mwanafizikia aliyefanya kazi ya mabomu ya baharini wakati wa vita; Maurice Wilkins wa King's College, London, naye mwanafizikia, alikuwa Marekani katika mradi wa bomu la atomiki. Wote watatu walikuwa wamekisoma kitabu kidogo cha Erwin Schrödinger cha mwaka 1944 kilichouliza uhai ni nini kwa macho ya mwanafizikia. Katika masimulizi ya Watson, mbinu za fizikia zatoa picha za eksrei, kemia yaeleza ni nini kinachoweza kushikamana na nini, na baiolojia yauliza kwa nini mtu ajisumbue na molekuli hiyo na kuacha nyingine. Hakuna hata moja ambayo ingefika peke yake.

Mahali panapotupendeza kuliko pote ni habari ya Jerry Donohue. Mapema mwaka 1953 Watson alikuwa akijaribu kuziunganisha besi nne za DNA, yaani adenini, thaimini, guanini na sitosini, kwa kufuata maumbo yaliyochapwa katika vitabu vya kiada. Donohue, mkemia Mmarekani aliyekaa naye chumba kimoja, alimwambia wazi kwamba vitabu vimekosea: atomi za haidrojeni zimewekwa mahali pasipo pake. Watson alikata maumbo mapya kwa karatasi ngumu, na asubuhi ya tarehe 28 Februari akaona juu ya meza kwamba adenini ikikaa na thaimini, na guanini na sitosini, jozi hizo mbili zalingana kwa upana kama vidato vya ngazi moja. Ndipo ulipofahamika uwiano ambao Erwin Chargaff alikuwa ameutangaza tangu mwaka 1950, kwamba kiasi cha adenini hulingana na cha thaimini, na cha guanini na cha sitosini. Bila jirani yule wa chumbani, aliyeujua ukweli mdogo wa kemia usiokuwamo vitabuni, kazi ingekwama. Watson anakiri hivyo waziwazi, nasi twampongeza.

Lakini ukarimu huo haumfikii kila mtu. Rosalind Franklin, mkemia aliyezaliwa London mwaka 1920, aliyesoma Cambridge na kujifunza ufundi wa eksrei huko Paris, anatokea katika kurasa hizi kwa jina la utani ambalo yeye mwenyewe hakulitumia. Twaelezwa juu ya mavazi yake na rangi ya mdomo asiyoipaka kabla hatujaelezwa lolote la maana juu ya kazi yake. Anaonyeshwa kuwa ni mwanamke mkali, mshindani wa bure, asiyeweza kuzifasiri picha zake mwenyewe. Tena anatajwa kana kwamba alikuwa msaidizi wa Wilkins aliyekataa kutii.

Hili la mwisho si suala la ladha, ni suala la ukweli, na laweza kupimwa. Mkuu wa maabara, John Randall, alimwandikia Franklin mwezi Desemba 1950 kwamba yeye pamoja na mwanafunzi Raymond Gosling ndio watakaoshika kazi ya eksrei juu ya DNA. Wilkins hakuarifiwa. Ugomvi wao ulitokana na barua ambayo mmoja aliipokea na mwenzake hakuiona. Kila mchungaji aliyewahi kupelekwa katika usharika ambako mwenzake hakupewa taarifa ya uhamisho huo atalielewa jambo hili bila kufafanuliwa.

Na kazi yake ilikuwaje? Franklin aligundua kwamba DNA ina sura mbili, moja katika hali kavu zaidi na nyingine katika unyevu mwingi, na kwamba wale waliotangulia walikuwa wakizipiga picha sura mbili zilizochanganyika. Kwa kuutawala unyevu ndani ya kamera kwa uangalifu mkubwa alizitenganisha. Mwezi Mei 1952 yeye na Gosling walipata ile picha iitwayo ya 51, iliyohitaji saa zaidi ya 60 za mionzi, yenye alama ya msalaba wa mshazari ambayo mjuzi huitambua mara moja kuwa ni ya msokoto. Vipimo vyake vilionyesha mzunguko mmoja kwa kila nanomita 3.4. Tena ni yeye aliyesisitiza tangu mwaka 1951 kwamba fosfati ziko upande wa nje, alipokwenda Cambridge na kuukataa mfano wa kwanza wa Watson na Crick, ulioziweka ndani. Yule wanayemwita mkaidi ndiye aliyekuwa sahihi siku ile.

Hapa twataka kuwakumbusha wanafunzi wa Agano Jipya kwamba tayari wanazo zana za kukisomea kitabu hiki. Wamefundishwa kumweka Marko kando ya Mathayo na Luka. Kuuliza nani aliandika, lini, kwa ajili ya nani, na akiwa na vyanzo gani. Basi waulize vivyo hivyo hapa. Kitabu kiliandikwa miaka mingi baada ya mambo yenyewe, na mwandishi katika utangulizi anasema kwamba alikusudia kurudisha maono yake ya wakati ule, ya kijana wa miaka 24, wala si hukumu ya mtu mzima. Kukiri huko kwa haraka humpa uhuru mkubwa mno: aweza kumchora mtu vibaya, kisha akasema ni kijana yule aliyechora. Crick na Wilkins waliposoma rasimu walipinga, na shirika la uchapaji la Chuo Kikuu cha Harvard, lililokuwa limekubali kukitoa, likajitoa. Kikachapwa kwingine. Franklin hakupinga, kwa sababu alikuwa amefariki kwa saratani tarehe 16 Aprili 1958, akiwa na miaka 37. Miaka minne baadaye Watson, Crick na Wilkins wakapewa tuzo ya Nobel.

Yafaa sasa tuliangalie shtaka zito zaidi, ambalo wengi hulitamka kwa neno moja: wizi. Mwishoni mwa Januari 1953 Wilkins alimwonyesha Watson picha ya 51 pasipo Franklin kuarifiwa. Mwezi uliofuata Max Perutz aliwapa Watson na Crick taarifa ya maabara ya King's, yenye vipimo vya Franklin, na ndani yake Crick akaona alichokuwa hajakiona hata mwenye vipimo: kwamba nyuzi mbili za DNA hukimbia kuelekea pande zilizo kinyume. Aliona kwa sababu alikuwa akichunguza fuwele za damu ya farasi zenye ulinganifu wa aina ileile. Twasema kwa uaminifu kwamba neno wizi halitoshi hapa. Franklin alikuwa akihamia Birkbeck College, Gosling alikuwa akirudi chini ya Wilkins, na picha ilifika mikononi mwa Wilkins kwa njia ya halali. Taarifa ile haikuwa ya siri. Hata barua moja kutoka King's kwa Crick, ya Januari 1953, iliyotangazwa na Matthew Cobb na Nathaniel Comfort mwaka 2023, yaonyesha kwamba watu wa King's walidhani Perutz ameyajua mambo mengi ya kazi yao na wala hawakuliona kuwa ni kosa.

Basi kosa liko wapi? Kwa maoni yetu haliko katika kuona, bali katika kusema. Makala ya Watson na Crick katika jarida la Nature, tarehe 25 Aprili 1953, yalitaja kwa maneno ya jumla mno kwamba walipata msukumo kutokana na kazi ya London isiyokuwa imechapwa. Makala ya Franklin na Gosling yalifuata katika toleo lilelile, kana kwamba yalikuja kuthibitisha, ilhali vipimo vyake vilikuwa vimetangulia ndani ya mfano wenyewe. Miaka 15 baadaye kitabu kikaongeza dhihaka juu ya ukimya. Tukiifuata maana ya amri ya nane kama tuifundishavyo katika Katekismo Ndogo, haimtoshi mtu kutomsingizia jirani. Yampasa kumtetea asipokuwapo. Watson alikuwa na nafasi ya kufanya hivyo mbele ya wasomaji wa dunia nzima, akaichelewesha mpaka kurasa za mwisho, ambamo anakiri kwamba alimhukumu Franklin vibaya. Maungamo hayo ni ya kweli, nasi hatuyadharau. Ila msomaji amekwisha kucheka sura ishirini kabla ya kuyafikia.

Hata hivyo hatupendi dawa iliyotolewa na wengine, ya kumgeuza Franklin kuwa mfia dini wa sayansi. Anne Sayre, rafiki yake, alimtetea kwa kitabu mwaka 1975, na Brenda Maddox akaandika maisha yake mwaka 2002 kwa upana na utulivu zaidi. Lakini masimulizi ya mitaani yamebaki na picha moja iliyochungulika na mwanamke mmoja aliyelia. Huko nako ni kumdhulumu. Aaron Klug, aliyefanya kazi pamoja naye Birkbeck, alipozichunguza karatasi zake alikuta rasimu ya tarehe 17 Machi 1953, iliyoonyesha kwamba alikuwa amekaribia sana jibu kwa njia yake ya polepole. Akaendelea na uchunguzi wa virusi, kazi ambayo Klug aliiendeleza, naye akapata Nobel mwaka 1982. Mtu huyo hakuwa mhanga tu. Alikuwa bingwa aliyekufa mapema.

Msomaji wa Kiafrika ana sababu nyingine ya kumsikiliza shahidi huyu kwa tahadhari. Mwezi Oktoba 2007 Watson alinukuliwa na gazeti la Uingereza akitia shaka juu ya akili za watu weusi na kusema kwamba hana matumaini na Afrika. Aliomba radhi, lakini katika filamu iliyoonyeshwa Januari 2019 alisema kwamba mawazo yake hayajabadilika, na maabara ya Cold Spring Harbor aliyoiongoza kwa miaka mingi ikamvua vyeo vya heshima. Alifariki mwaka 2025, akiwa na miaka 97. Hatulitaji jambo hili ili kuutupa ugunduzi wake; DNA haikuumbwa na Watson. Twalitaja kwa kuwa ni tabia ileile iliyomo kitabuni, ya kumtazama mtu kwa nje na kuandika hukumu kama kwamba ni kipimo.

Tukiwa tumeyasema hayo juu ya watu wa mbali, tuseme na ya nyumbani. Katika tasnifu zetu za theolojia mara nyingi hukutwa sura nzima zilizojengwa juu ya maneno ya wainjilisti na wazee wa sharika, juu ya madaftari ya katekista fulani wa zamani, au juu ya kazi ya darasani ya mwanafunzi mwenzetu ambayo haikuchapwa. Mwishoni husomwa mstari mmoja wa kuwashukuru wote waliosaidia kwa njia moja au nyingine. Mstari huo hautofautiani sana na ule wa Aprili 1953. Aliyepewa daftari hakuiba, maana alipewa kwa mkono wa kuume; lakini mwenye daftari hatajulikana kwa jina, na mjukuu wake atakaposoma tasnifu hiyo hatamkuta babu yake ndani.

Je, kitabu kiondolewe rafuni? La. Kina uhai, kina furaha ya kutafuta, na hakuna kingine kinachoeleza vizuri hivi jinsi kosa la karatasi ngumu juu ya meza linavyosahihishwa. Ila kisisomwe peke yake. Maktaba yenye fedha za nakala moja tu na inunue toleo lililohaririwa na Gunther Stent mwaka 1980, ambalo ndani ya jalada moja lina masimulizi ya Watson, makala za Nature za mwaka 1953 zenyewe, na hukumu za wahakiki wa wakati kitabu kilipotoka. Mwanafunzi aanze na makala ya Franklin na Gosling, ijapokuwa ni ngumu, kisha ndipo afungue sura ya kwanza.