Mawe ya Engaruka na Jibu Letu la Zamani

Kwa miaka mingi tumewafundisha watoto habari za Pompeii, mji wa Italia uliofunikwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79 baada ya Kristo. Kila mara mtoto mmoja huuliza, "Mwalimu, nchini kwetu hakuna mji wa namna hiyo?" Nasi tulijibu upesi, "Upo, ni Engaruka, mji wa watu zaidi ya 30,000." Leo twataka kulipima jibu hilo, maana tumeona lina kasoro mbili.

Kwanza, Pompeii ilihifadhiwa na msiba wenyewe. Mikate ilibaki tanuruni, imegeuka makaa. Mwaka 1863 Giuseppe Fiorelli alimimina lipu katika nafasi zilizoachwa na miili iliyooza, akapata sura za watu jinsi walivyoanguka. Hata vitabu vimesahihishwa: nakala za barua ya Pliny Mdogo zilitaja Agosti, lakini mwaka 2018 yalionekana ukutani maandishi ya makaa yenye tarehe ya Oktoba.

Engaruka, katika Wilaya ya Monduli, i chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, wala si mbali na Oldonyo Lengai, mlima uliolipuka tena mwaka 2007. Lakini si moto wa mlima uliowaondoa wenyeji wake. Walikaa tangu karne ya 15 hivi hata karne ya 18, kisha wakahama. Mwenye kuhama huchukua chungu chake; kilichobaki ni mawe.

Kasoro ya pili ni ile hesabu ya watu. Mwaka 1935 Louis Leakey aliyachunguza magofu, akayaona mawe mengi mno, akakisia watu wengi mno. Wachimbuzi waliomfuata, kama Hamo Sassoon na John Sutton, walionyesha kwamba sehemu kubwa ya mawe yale si nyumba, bali ni mipaka ya mashamba na kingo za mifereji, yapata hekta 2,000. Nyumba zilikuwa katika vijiji vichache mteremkoni, na watu walikuwa elfu chache tu.

Je, sifa ya Engaruka imepungua? Hata kidogo. Sisi tulionyesha mji mkubwa kwa sababu tulitaka kulingana na Italia. Tukawanyima wenyeji wale sifa yao wenyewe. Mtu wa Bahi, anayetazama mbuga ikikauka kila mwaka, anajua kazi ya kuongoza maji katika nchi kavu. Tena uchimbuzi wa baadaye umeonyesha kwamba baadhi ya mashamba yalitengenezwa kwa kuyazuia maji nyuma ya safu za mawe, hata matope yakatua tabaka juu ya tabaka. Watu hao walijitengenezea udongo! Miongoni mwa sababu za kuhama kwao hutajwa kupungua kwa maji ya vijito na kuchoka kwa ardhi.

Basi mtoto akiuliza tena, tutamjibu hivi: "Mji uliozikwa na mlima hatuna wa kukuonyesha. Tuna mashamba ya wakulima waliojua kutunza maji." Kisha tutampeleka ukingoni mwa jaruba la mpunga, atazame maji yanapoacha tope lake.