SWALI LA UUNGWANA: MBOTELA, SAUTI YA KENYA NA MSIKILIZAJI WA MUNJE

Leonard Mambo Mbotela alipofariki tarehe 7 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 84, alisifiwa zaidi kwa sauti yake. Sifa hiyo ni ya haki, lakini haitoshi, na kwa mhakiki wa lugha inaweza hata kupotosha. Sauti nzuri ni tunu ya maumbile. Haielezi kwa nini kipindi chake, Je, Huu ni Uungwana?, kilichoanza mwaka 1966, kilidumu kwa zaidi ya nusu karne. Wala haielezi kwa nini shirika lililokirusha hewani lilishuka hadhi mbele ya wasikilizaji wale wale waliokipenda. Makala haya yanadai kwamba nguvu ya kipindi hicho ilikaa katika neno moja, uungwana, na katika namna ya kuliuliza; na kwamba kufifia kwa utangazaji wa umma nchini Kenya kunaeleweka vizuri zaidi kukitazamwa kama historia ya swali hilo: nani aliweza kuuliza, na nani hakuulizwa.

Mahali pa kulipima dai hili si Nairobi. Nairobi ilikuwa na studio, na mwenye studio ni vigumu kujisikia mwenyewe. Afadhali kuchukua kijiji kama Munje, kijiji cha wavuvi karibu na Msambweni, katika ukanda ambao Chidigo, Chifundi na Chivumba hukaribiana. Majina ya lahaja na lugha hizo yenyewe yanaonyesha tofauti: pale Kiswahili sanifu kinaposema ki-, wao husema chi-. Msikilizaji wa huko alipowasha redio alisikia Kiswahili ambacho ni jamaa ya karibu wa usemi wake bila kuwa usemi wake. Msingi wa usanifu ni Kiunguja, kilichoteuliwa katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, na tangu hapo watu wa pwani ya kusini ya Kenya wamekuwa katika hali ya ajabu: nchi nzima huwahesabu kuwa ni wenyewe wa lugha, ilhali redio ya nchi haikuwahi kusema kama wao.

Aidha, msikilizaji huyu hakuwa mateka wa kituo kimoja. Pemba iko ng'ambo ya mlango wa bahari, na mpaka wa Lunga Lunga hauko mbali. Mawimbi ya Unguja na ya Dar es Salaam yalivuka bila pasipoti. Kwa hiyo mtangazaji wa Nairobi aliyekosea upatanisho wa ngeli, au aliyetafsiri Kiingereza neno kwa neno, alihukumiwa papo hapo na sikio lenye kipimo kingine. Taarifa nyingi za habari zilizaliwa katika Kiingereza na kuletwa kwa Kiswahili baadaye, na msikilizaji mwelevu aliisikia mishono. Kama Mbotela alipendwa katika mazingira haya, hakupendwa kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kusikilizwa.

Sasa neno lenyewe. Katika miji ya Waswahili, uungwana haukuwa adabu tu. Ulikuwa daraja. Mwungwana alikuwa mtu huru, mwenye asili na mji, na kinyume chake hakikuwa mtu asiye na adabu bali mtumwa. Pwani ya kusini inaijua maana hiyo kwa karibu. Huko Vumba, utawala wa madiwani ulikuwa na alama zake za cheo, siwa miongoni mwazo, na si kila mtu aliyeruhusiwa kila vazi mbele ya mtawala. Gazi, kaskazini kidogo ya Msambweni, palikuwa makao ya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui hadi vita vya mwaka 1895 na 1896, na mashamba ya zama hizo yalilimwa na watumwa. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Sheria hufuta hali, haifuti msamiati. Hata baada ya hapo, kumwita mtu mwungwana, au kuacha kumwita, kulibeba swali la nasaba ambalo wazee hawakupenda kulitamka mbele ya wageni.

Ni katika mwanga huu kwamba asili ya Mbotela inakuwa jambo la uhakiki, si la wasifu tu. Alizaliwa Mombasa katika jamii ya Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamisheni wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Baba yake, James Mbotela, ndiye mtunzi wa Uhuru wa Watumwa (1934), kitabu kilichosimulia kukamatwa na kukombolewa kwa watu hao, na ambacho wahakiki wamekilaumu, na si bila sababu, kwa kumtukuza mno Mwingereza. Baba aliandika juu ya uhuru kama zawadi iliyoletwa na manowari. Mwana akachukua neno la mabwana wa zamani, neno ambalo kwa kipimo cha zamani babu zake wasingeruhusiwa kujiita, akaligeuza kuwa mtihani ambao kila mtu, awe wa nasaba gani, angeweza kuufaulu au kuuanguka kwa matendo yake ya siku hiyo. Haijalishi kama alikusudia hivyo. Katika historia ya semantiki ya Kiswahili, hatua hii ni kubwa kuliko istilahi nyingi zilizotungwa na kamati, na inastaajabisha kwamba imepita karibu bila kutajwa.

Hapana budi kukiri kwamba mabadiliko ya maana hiyo hayakuanza na redio. Methali na mashairi ya pwani yalikuwa yameshasisitiza kwamba uungwana ni vitendo. Lakini methali huzunguka katika mji unaoijua; redio iliipeleka maana mpya Kisumu, Nyeri na Garissa, kwa watu ambao maana ya zamani hawakuwahi kuisikia. Kwa wengi wa bara, uungwana umekuwa na maana ya Mbotela tangu mwanzo. Kwa msikilizaji wa Munje maana zote mbili zilisikika pamoja, ile ya chini ikivuma chini ya ile ya juu. Yamkini yeye ndiye aliyekisikia kipindi kikamilifu kuliko wote.

Umbo la kipindi nalo lastahili kuangaliwa. Lilikuwa umbo la kisa kifupi kinachofuatwa na swali. Mambo yake yalikuwa ya kila siku, ya aina ya tabia za watu njiani, nyumbani, katika magari ya abiria, kati ya mgeni na mwenyeji. Kisa kilisimuliwa kwa utaratibu, bila haraka, mpaka msikilizaji akamwona mtu yule mbele yake, kisha likaja swali. Jambo la kuzingatia ni kiashiria. Haulizi juu ya uungwana ule wa mbali. Anauliza juu ya huu, ulio hapa, ambao msemaji na msikilizaji wote wanauona. Kwa silabi mbili mtangazaji alimweka msikilizaji barazani pamoja naye, wakitazama jambo moja. Jibu lilieleweka, nadra kupingwa, lakini liliachwa kwa msikilizaji alitamke. Huu ndio mtindo wa mzee wa baraza: hamkaripii kijana, humwuliza. Anayeulizwa amehesabiwa kuwa mtu mzima.

Hapa ndipo ubora wa kizazi kile cha watangazaji ulipokuwa, na si katika matamshi peke yake. Wapenzi wa redio ya zamani hupenda kulalamika kwamba watangazaji wa leo huchanganya Kiingereza na Sheng, na malalamiko hayo yana ukweli, ingawa yamekuwa wimbo. Kuchanganya ndimi si kosa la asili. Wavuvi wa Munje huchanganya lugha mbili au tatu katika mashua moja bila kupoteza heshima. Kilichobadilika zaidi ni nafasi ya msikilizaji. Vipindi vingi vya asubuhi vya vituo vya kibiashara pia huuliza maswali, tena ya ndoa, deni na jirani, yaani malighafi ile ile ya Mbotela. Lakini humwuliza msikilizaji ili apige simu achekwe. Kisa ni cha mtu wa mbali, na baraza imekuwa jukwaa.

Hata hivyo itakuwa dhuluma kuvilaumu vituo hivyo kwa kuporomoka kwa sauti ya taifa, kwani ufa ulianza ndani. Sauti ya Kenya iliundwa mwaka 1964, serikali ilipolichukua Shirika la Utangazaji la Kenya na kuliweka chini ya wizara. Hata iliporudishiwa jina la shirika mwaka 1989, mkono uliobadilika ulikuwa wa barua, si wa amri. Katika miaka ya utawala wa chama kimoja taarifa ya habari ilianza kwa shughuli za Rais, na msikilizaji alijifunza kungoja zipite kama mtu angojavyo mvua ipite. Maana halisi ya mpango huo inadhihirika katika tukio la tarehe 1 Agosti 1982. Askari wa jeshi la anga waliotaka kuipindua serikali waliiteka studio ya Nairobi, kisha wakamfuata Mbotela nyumbani kwake na kumlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Siku hiyo hiyo, majeshi ya serikali yalipoikomboa studio, sauti ile ile ikatangaza kinyume chake.

Tukio hili husimuliwa kama kisa cha ushujaa au cha mkasa. Kwa mhakiki ni zaidi ya hayo. Askari walikuwa na mitambo tayari, na yeyote kati yao angeweza kusoma karatasi. Walichokosa ni kuaminiwa, na kuaminiwa kulikaa katika koo la mtu aliyekuwa akiwauliza Wakenya juu ya uungwana kwa miaka 16. Wapinduzi na watawala walikubaliana katika jambo moja siku ile, kwamba sauti ni mali ya mwenye bunduki mlangoni. Mtangazaji hakuwa na la kufanya, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu. Lakini msikilizaji alikuwa amesikia, na alichokisikia hakikufutika: kwamba sauti anayoiamini yaweza kumilikiwa na yeyote.

Yaliyofuata yanajulikana na hayahitaji maneno mengi. Hewa ilifunguliwa kwa vituo vya binafsi katika miaka ya 1990 na kuendelea. Shirika lilibaki na deni zito la mkopo wa Kijapani uliochukuliwa ili kuboresha mitambo, na wengi wa watangazaji wake wakahamia kwingine. Pwani ilipata vituo vyake, Bahari FM na Redio Kaya miongoni mwavyo, na shirika lenyewe likawa na Pwani FM. Kwa lugha za ukanda huu lilikuwa jambo jema. Mzee wa Kidigo anayesikia lugha yake hewani hana sababu ya kuombolea siku ambazo hakuisikia. Maombolezo ya Nairobi juu ya redio ya zamani husahau mara nyingi kwamba umoja wake wa lugha uligharimiwa na wengine.

Walakini kuna kitu ambacho vituo hivyo vidogo havikurithi, na ambacho kwa kweli hata kipindi cha Mbotela hakikuwa nacho kikamilifu. Kiwanda cha sukari cha Ramisi, kilicholisha familia nyingi za eneo la Msambweni, kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika miaka ya 2000 watu wa Maumba na Nguluku walihamishwa kupisha machimbo ya titani, ambayo uzalishaji wake ulikoma Desemba 2024. Haya ni mambo ya ahadi, ya deni, ya mgeni na mwenyeji. Ni mambo ya uungwana kwa kila maana ya neno, ya kale na ya sasa. Kipindi kilichomwuliza abiria kwa nini hakumpisha mzee kiti hakikuundwa kumwuliza waziri kwa nini hakumpisha mwenye shamba. Swali lilielekezwa chini na kando, kwa raia na jirani yake; halikuelekezwa juu. Huu ni upungufu wa shirika kuliko wa mtu, kwani sauti inayokaa wizarani huuliza kwa mipaka ya wizara.

Kanda zitakazopatikana za kipindi hiki zinapaswa kuandikwa neno kwa neno na kuhaririwa kwa uangalifu ule ule unaotolewa kwa tenzi, pamoja na vituo vya pumzi na mahali sauti ilipopanda kabla ya swali. Kazi hiyo ifanywe na idara za Kiswahili, maana idara za uandishi wa habari zitahesabu dakika na wasikilizaji, nazo hazitakiona kiashiria. Na wanaosikiliza kanda hizo wawe pia wazee wa Munje, Bodo na Funzi, waulizwe ni uungwana upi waliousikia: ule wa viti na salamu, ule wa nasaba, au ule wa ardhi.