Mezani na Watoto, Chini ya Wanale

Mtoto wa miaka mitano mwenye njaa hasomi menyu. Hapo ndipo ugumu wote wa kula nje na familia katika mji mgeni ulipo, na mashariki mwa Uganda kuna njia mbili za kuukabili, kila moja na mji wake. Mbale, uliojibanza chini ya ukuta wa mwamba wa Wanale, hutegemea sufuria: chakula kimeiva kabla hujaingia. Jinja, mwendo wa saa tatu hivi kusini-magharibi, hutegemea bustani: chakula kitachelewa, lakini mtoto ana pa kukimbia. Penye kimojawapo mtakula kwa amani. Pasipo na chochote kati ya hivyo, vitambaa vya meza viwe vyeupe namna gani, mtatoka mmenuniana.

Wengi wetu tunaovuka mpaka kutoka Kenya kwa Malaba au Lwakhakha huja na imani nyingine. Tukishaingia Mbale tunatafuta jengo la ghorofa, lenye mlinzi getini na pa kuegesha gari, tukidhani ukubwa wa hoteli ni dhamana ya tumbo la mtoto. Lakini hebu fikiria jikoni mwa hoteli ya kiwango cha kati katika mji kama huu. Menyu ina kurasa nne. Wateja wa mchana hawatabiriki, kwa hiyo hakuna mpishi mwenye akili atakayepika kabla ya kuagizwa. Ukisema kuku, ndipo kuku anatolewa kwenye friji. Ukisema chipsi, ndipo viazi vinaanza kumenywa. Saa nzima inakwenda, soda zimeshanywewa, njaa ya watoto imeshakufa kwa soda hizo, na sahani zikifika hakuna anayezigusa. Sioni wa kulaumiwa hapo. Mpishi akipika sufuria ya wali kwa wageni ambao huenda wasitokee, hasara ni yake.

Mgahawa wa kawaida wa Mbale una hesabu nyingine kabisa. Mwenye mgahawa anawajua wateja wake: makarani, madereva wa matatu, wachuuzi wa Soko Kuu, wanafunzi. Anajua watakuja wangapi, na watakuja saa ngapi. Matoke yamefungwa kwenye majani ya mgomba tangu asubuhi, yanaiva kwa mvuke polepole. Maharage yalianza kuchemka mapema zaidi. Saa sita mchana vifuniko vinafunguliwa, na kuanzia hapo kazi ya mhudumu ni kupakua tu. Dakika tano baada ya kuketi, mtoto anatafuna. Ila dirisha hilo ni finyu. Ikifika saa nane mchuzi wa nyama umekwisha, yamebaki maharage na posho iliyoanza kukauka juu. Sisi tunalenga saa sita na robo, kabla makarani hawajatoka ofisini. Viti vipo, minofu ipo, na mama wa jikoni bado ana subira ya kumwekea mtoto sahani yake pembeni.

Kuutambua mgahawa wa namna hiyo hakuhitaji kuuliza mtu. Tunautembea mtaa mmoja au miwili karibu na mnara wa saa au soko, hatuketi, tunatazama. Nikiona watu wanaingia na kutoka ndani ya nusu saa, najua sufuria inazunguka, chakula hakilali. Naangalia pipa la maji lenye bomba pale mlangoni: je, lina maji kweli, na sabuni iko? Kisha mke wangu anaomba kuonyeshwa choo, kabla hatujaagiza hata chai. Hilo huwashangaza wahudumu, lakini ukweli wa jikoni mara nyingi husomeka chooni, na mwenye mtoto mdogo atakwenda huko mara nyingi kuliko atakavyokwenda mezani. Nguo za waliokula ndani hazinihusu. Kama kuna mama mwingine anayemlisha mtoto wake humo, basi tumefika.

Kuagiza nako kuna ufundi wake. Uganda bei hufuata kitoweo. Vile vya kushibisha, yaani matoke, posho ambayo kwetu ni ugali, wali, viazi vitamu, malenge, magimbi, kalo la wimbi, huja vimechanganywa kwenye sahani moja, na unacholipia hasa ni kama umechukua maharage, karanga, nyama, kuku au samaki. Kwa familia hii ni neema. Sahani ya mtu mzima humshinda mtoto, kwa hiyo tunaagiza vitoweo vichache kuliko idadi ya vichwa, tunaomba sahani tupu, na tunagawana. Mwingine ataomba nusu, na nusu hutolewa bila kununa. Mtoto anayekataa matoke atapata kiazi kitamu katika sahani ileile, bila oda mpya na bila vita. Mgeni anayetoka Bungoma ana bahati ya ziada: Lubukusu chake na Lumasaba cha mama wa jikoni vinasikilizana vizuri, na ukiomba pilipili isiguse chakula cha mtoto utaeleweka mara ya kwanza.

Jambo moja linataka uangalifu zaidi ya mengine yote, nalo ni karanga. Mchuzi wa karanga uko kila mahali hapa. Huliwa wenyewe kama kitoweo, hutiwa kwenye mboga za majani, kwenye samaki mkavu, wakati mwingine kwenye kuku. Na ndio roho ya malewa, chakula ambacho Bamasaba, wenyeji wa hapa, wanajulikana nacho: machipukizi ya mianzi kutoka misitu ya Mlima Elgon, hukaushwa kwa moshi, hulowekwa na kuchemshwa hadi yalainike, kisha huungwa kwa karanga zilizosagwa. Sokoni utayaona yamefungwa mafungu, ya kahawia, yananukia moshi hata ukiwa hatua kadhaa mbali. Mtu mzima asiondoke Mbale bila kuyaonja. Kwa watoto, naona mambo yanakwenda vizuri zaidi malewa yakiwa kijiko kimoja pembeni mwa kitu wanachokijua, maana ladha ya moshi huwagawanya: mmoja ataomba tena, mwingine atatema. Lakini mwenye mtoto anayedhurika na karanga asiishie kuuliza kama kuna mchuzi wa karanga. Aulize kama kijiko cha kupakulia ni kimoja. Mara nyingi ni kimoja.

Siku ya kupanda Wanale ni tofauti, na hapo hakuna uchambuzi mrefu. Njia za mkato zinakwea moja kwa moja kwenye mwamba, na juu unakuta vijiji na mashamba, akina mama wanateremsha vitunguu kwenda kuuza mjini. Sikutegemea kupata mgahawa. Tulibeba roleksi. Unasimama mbele ya kijana wa chapati asubuhi, anapiga mayai na kitunguu na kabichi kwenye kikombe, anayamwaga juu ya bamba la moto, anaweka chapati juu, anakunja. Yote yanafanyika mbele ya macho yako, moto uko palepale, na ndiyo maana kwa usalama wa tumbo la mtoto naiamini kuliko bafe yoyote iliyokaa wazi. Ombi langu ni moja: nyanya ziingie ndani ya mayai zikaive, zisiwekwe mbichi mwishoni. Inakunjwa kwenye karatasi, inaliwa mlimani, na hakuna sahani ya kuosha.

Jioni ndiyo hunisumbua. Mbale ikiingia giza, moto wa mkaa unawashwa, nyama choma na gonja, yaani ndizi za kuchoma, vinanukia barabara nzima, na penye nyama choma ndipo penye bia. Jumamosi kukiwa na mechi za Ligi Kuu ya Uingereza, spika hufunguliwa hadi mtoto anaziba masikio. Suluhisho tulilogundua ni kutafuta migahawa ya Waislamu, ambayo Mbale haina uhaba nayo. Mji huu ndio makao ya Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda tangu 1988. Pombe haiuzwi, watu huja kula na kuondoka, na pilau ya jioni iko tayari kwenye sufuria. Kanuni ya mchana inafanya kazi usiku pia. Katika mwaka unaogawanyika kwa mbili, kuanzia Agosti, jihadhari tu na msimu wa imbalu, sherehe za tohara za Bamasaba: vikundi vya wachezaji hujaza barabara, na kufika mgahawa uliouchagua kunaweza kuwa safari yenyewe. Watoto, bila shaka, huona hiyo ndiyo sehemu bora ya likizo.

Jinja imelelewa na watalii. Tangu biashara ya kuteremka maporomoko ya Nile kwa maboti ya mpira ianze mwaka 1996, mikahawa ya kahawa, pancake na piza imejaa Main Street na kando ya maji, na majiko yake hupika kwa oda. Ukienda huko na saa ya Mbale mkononi utateseka. Hapa unachochagua ni uwanja. Jinja Sailing Club, kwa mfano, ina nyasi zinazoshuka hadi Ziwa Victoria: unaagiza kwanza, kisha ndipo unawaachia watoto wakimbie, nawe unakaa upande wa ziwa, kati yao na maji, si upande wa baa. Samaki ni wa kufikiria. Ngege mzima wa kukaanga anapendeza kwa macho lakini miiba yake ni myembamba na mingi. Kwa mdogo agiza mnofu wa sangara, ambaye huku huitwa mputa. Miiba yake ni mikubwa, huonekana na kutolewa upesi.

Kwenye makaratasi, Jinja na Mbale ni majiji tangu Julai 2020. Lakini Jumapili hazifanani na majiji. Migahawa mingi inayolisha ofisi hufunga siku hiyo, sufuria hazipandi jikoni, na hoteli kubwa nazo hujaa familia zinazotoka kanisani. Siku hiyo tulikula kikomando saa tano asubuhi kabla ya kuondoka Mbale: chapati iliyokatwakatwa ikamwagiwa maharage ya moto, kwenye benchi la kijana yuleyule wa roleksi, ambaye Jumapili kwake ni siku ya kazi.