Maneno Mepesi na Maana Nzito

Taabu hii ni ya zamani: mwanafunzi wa Kiingereza hutafuta maana ya neno moja, na kamusi humjibu kwa maneno matatu asiyoyajua. Alikwenda kutafuta mwanga, akaongezewa giza. Kwa hiyo twaona yafaa kumsifu Michael West, Mwingereza aliyefanya kazi ya ualimu huko Bengal. Mwaka 1935, yeye na J. G. Endicott walitoa kamusi iitwayo New Method English Dictionary, ambayo ndani yake maneno na semi zipatazo 24,000 zimeelezwa kwa maneno 1,490 tu. Ajuaye hayo machache aweza kusoma ukurasa wo wote bila mkalimani.

Lakini sifa hiyo isitufumbe macho. Wepesi wa neno si wepesi wa maana. Tazama Kiingereza cha maneno 850 alichokitangaza C. K. Ogden mwaka 1930. Humo yamo "put", "up" na "with", maneno ya mtoto wa darasa la kwanza. Yaunganishe, utapata "put up with", yaani kuvumilia. Ni nani ajuaye kuweka, juu, na pamoja, ambaye angetambua uvumilivu humo? Wala tusishangae, maana lugha yetu hufanya vivyo hivyo. Mgeni aliyefundishwa kupiga amejua fimbo. Bado hajajua kupiga pasi, kupiga mbiu, wala kupiga magoti. Basi hesabu ya maneno yaweza kuficha hesabu ya maana.

Tena iko kasoro ya pili. Maelezo mepesi humwambia mwanafunzi maana ya neno, hayamwambii jinsi likaavyo kati ya mengine. Aambiwaye kwamba "reach" ni "get to" huandika "reach to the town". Maana ameipata, matumizi yamempotea. Jambo hili A. S. Hornby na wenzake wawili walilishughulikia huko Japani. Kamusi yao, iliyotolewa Tokyo mwaka 1942, ilionyesha jinsi kila kitenzi kinavyojengwa katika sentensi.

Shauri letu kwa walimu wenzetu ni hili. Maelezo mepesi yatumiwe, lakini yasikaririwe kama hesabu za kuzidisha. Mwanafunzi akiisha kuyasoma, na afunge kitabu, atunge sentensi tatu za mambo ya kwao, soko, shamba au mvua, kisha mwalimu azisahihishe. Neno asilopata kulitumia bado ni mali ya kamusi.