Kijakazi na Ahadi Isiyotamkwa

Ni rahisi kumchukua Kijakazi, mtumishi katika riwaya ya Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), kuwa mfano wa mtu aliyetawaliwa fikra: hudharauliwa, naye bado humtumikia bwana wake kwa moyo mmoja. Tafsiri hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Utii wake waweza pia kusomwa kuwa una hesabu yake: anayeitolea nyumba nguvu zake zote anastahili kutunzwa na nyumba hiyo atakapougua. Hapana aliyeitamka ahadi hiyo. Ndiyo maana Fuad aweza kuipokea huduma na kulikana deni.

Katika Kuli (1979), riwaya nyingine ya mwandishi huyo huyo, mambo ni tofauti. Makuli wa bandari ya Unguja hufanya kazi bega kwa bega, na katika mgomo wa 1948 madai yao hutamkwa kwa sauti moja. Kijakazi hakosi akili kuliko wao; anachokosa ni wenzake wa kulinganisha nao hesabu.

Suala hili halikuishia Unguja ya kabla ya Mapinduzi ya 1964. Huko Isinya, Kajiado, kando ya barabara ya Nairobi–Namanga, waridi hukuzwa kwa masoko ya ng'ambo. Afanyaye kazi ya kutwa huko, kama kwingineko Kenya, huitwa kibarua. Asili ya neno hilo ni barua ndogo; lakini aitwaye hivyo mara nyingi hana barua yoyote mkononi. Waridi yanapohitajiwa kwa wingi kabla ya tarehe 14 Februari, kibarua aombwaye kuzidisha saa huweza kukubali akitumaini kwamba atakumbukwa msimu ukipita. Mwajiri naye huweza kuona kwamba ujira wa siku umemaliza yote. Kila mmoja ana mapatano yake moyoni, na mapatano hayo hayalingani.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yajaribu kuliziba pengo hili. Kifungu cha 9 chataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uandikwe. Kifungu cha 37 humwondoa mfanyakazi katika ukibarua akiisha kufanya kazi kwa siku za mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja. Kifungu cha 10 humtwika mwajiri asiyeweza kuleta hati mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa. Kwa maneno mengine, kutokuwapo kwa maandishi hakumfutii mwajiri wajibu.

Kwa kipimo hicho, udhaifu wa Kasri ya Mwinyi Fuad waonekana. Riwaya yayachukua matumaini ya Kijakazi kuwa giza la kuangaziwa, wala si haki ya kulipwa. Mapinduzi yamwondolea bwana, lakini deni la miaka yote ile labaki bila kutajwa. Msomaji anayemcheka Kijakazi kwa ujinga wake humsaidia Fuad kulisahau.