Kijerumani cha Hamza, Kijerumani cha Ilyas

Rafiki yangu wa Umoja amekuwa akikariri der, die, das ndani ya matatu tangu Januari. Ana diploma ya uuguzi, hana kazi, na darasa la Kijerumani amelilipia kwa mkopo ambao mamake alichukua kwenye chama. Tangu Kenya na Ujerumani zilipotia saini mkataba wa ajira kule Berlin, Septemba 2024, mabango ya madarasa kama hayo yamejaa mjini. A1, A2, B1, B2: viwango vimekuwa kama steji za matatu, na mkikutana swali la kwanza ni umefika wapi.

Juzi aliniuliza, "Hii lugha itanifanya nini?" Nikadhani ameteleza, alitaka kusema itanifanyia nini. Hakuteleza. Itamfanyia nini anajua: viza, mshahara, deni la chama lilipwe. Alikuwa anauliza atakuwa nani akimaliza. Nilikosa jibu, nikampa Afterlives.

Abdulrazak Gurnah aliitoa riwaya hiyo mwaka 2020, mwaka mmoja kabla ya kupata Nobel. Ni mtoto wa Zanzibar, Kiswahili ndiyo lugha yake ya kwanza, na riwaya zake ameziandika kwa Kiingereza. Kwa hivyo swali la rafiki yangu si geni kwake. Wengi huisoma Afterlives kama riwaya ya vita, kwa sababu inasimulia Wajerumani na askari wao Waafrika katika Afrika Mashariki. Sawa, vita vimo. Lakini ukiifuata kwa masikio utakuta ni hadithi ya wanafunzi watatu: Ilyas, dadake Afiya, na Hamza.

Hamza anajiunga na jeshi la Wajerumani kwa hiari na kujuta karibu siku hiyohiyo. Afisa mmoja anamchagua awe mtumishi wake. Hamza anamtandikia kitanda na kumtumikia mezani, afisa anamfunza Kijerumani, na anasema shabaha yake ni Hamza aweze kumsoma Schiller. Askari wenzake wanamkejeli. Sajini wa Kizungu anauchukia ukaribu huo, na mwishowe anamkata Hamza kwa upanga, jeraha linalomwacha akichechemea. Je, afisa anampenda, anamwonea huruma, au anajichezea tu? Gurnah hatuambii, na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Angeweza kutupa mzungu mwema au mzungu mbaya, tufunge kesi. Badala yake anatuachia mwalimu ambaye mkono wake mmoja unatoa kitabu huku mwingine umeshika amri. Wengi wetu tuliojifunza Kiingereza kwa kiboko tunamjua mwalimu wa aina hiyo. Tulichapwa, na bado tukakipenda kitabu.

Kisha vita vinaisha. Hamza anarudi pwani bila kitu, na Kijerumani chake hakina soko tena, Waingereza ndio wenye nchi. Anampenda Afiya, hathubutu kusema. Anachukua mistari michache ya Schiller, anaitafsiri kwa Kiswahili kwenye karatasi, anampa. Hayo tu. Lugha aliyofunzwa ili aelewe amri inaishia kuwa barua ya mapenzi kwa lugha ya nyumbani. Na Gurnah anauacha huo Kiswahili ukurasani, ndani ya riwaya ya Kiingereza. Kwa mara moja sisi ndio tuko ndani, msomaji wa London ndiye anasubiri nje.

Afiya mwenyewe hasomi lugha ya kigeni. Kakake alimfunza kusoma na kuandika, basi. Mjomba anayemlea anapogundua, anampiga hadi kumvunja mkono: msichana anaandika amwandikie nani? Lakini ni kikaratasi alichoandika ndicho kinamletea msaada. Ukitafuta katika kitabu hiki lugha iliyookoa mtu moja kwa moja, utarudi kwenye kile kikaratasi.

Ilyas ndiye anayeniumiza. Alichukuliwa akiwa mtoto, akalelewa kwenye shamba la Mjerumani, akasomeshwa misheni, akaimba nyimbo zao. Marafiki wakitaja ukatili wa Wajerumani, yeye anawatetea, kwa sababu yeye walimtendea wema. Anaenda kuwapigania, anamwacha dadake, harudi. Mnisamehe nikiharibu mwisho: anaishia Ujerumani, anaimba kwenye vilabu, anaandamana na Wanazi wakidai makoloni yarudishwe. Halafu anafungwa kwa uhusiano na mwanamke mzungu, na mwaka 1942 anakufa katika kambi ya Sachsenhausen. Kijerumani alikijua kuliko Hamza. Hakikumsaidia, maana waliomfunga hawakuwa wameuliza amefika B ngapi.

Hapa nina kesi na Gurnah. Hamza tunakaa naye kurasa nyingi, tunasikia hata anavyotafuta neno. Ilyas anamalizwa kwa kurasa chache, kama ripoti iliyotolewa kwenye faili. Najua utetezi upo: mtu aliyetaka kuwa Mjerumani sasa anasimuliwa na makaratasi ya Wajerumani, na ubaridi huo ndio adhabu yenyewe. Naukubali nusu. Nilitaka kumsikia akiimba mara moja tu, nijue alikuwa anasikia nini alipofungua mdomo kwa lugha ile. Bila hiyo ni rahisi sana kumwona mjinga. Na hakuwa mjinga. Alikuwa mtoto aliyependwa mara ya kwanza kwa lugha fulani, akadhani lugha ndiyo iliyompenda.

Kwa hivyo sikubaliani na wale wanaosema ukijifunza Kijerumani umejiuza, wala na lile bango linalosema lugha ni ufunguo. Hamza na Ilyas walipewa lugha ileile na watu walewale. Tofauti ni kwamba Hamza alikuwa na mtu wa kumpelekea neno alilolipata, na lugha ya kulipeleka.

Rafiki yangu alirudisha kitabu Jumapili. Hakusema kama amekipenda. Alifungua ukurasa wa ile tafsiri, akasoma Schiller kwa sauti, pale nilipokuwa nimeruka kwa sababu sijui hata kutamka. Kisha akasoma Kiswahili cha Hamza, polepole, kidole kikifuata mstari.

"Huyu hajafuata neno kwa neno," akasema. "Mimi ningejaribu hivi."

Akaniomba kalamu.